Buti la Gari na Mizani Mbili



Wasomaji wetu watukufu, sebule zetu hufagiliwa asubuhi na jioni, meza hufutwa, na magodoro huanikwa juani. Lakini kuna chumba kimoja cha nyumba ambacho hutembea barabarani, na hakuna anayekikumbuka mpaka kinuke. Chumba hicho ni buti la gari. Humo hupita unga wa wiki nzima, viatu vya watoto, mtungi wa gesi, na mara nyingi mswala wa msafiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasahaulifu, mpaka safari ya Njoro iliponizindua.

Binti yetu ameolewa huko Njoro, mji ulio karibu na Nakuru, penye Chuo Kikuu cha Egerton kilichoanza mwaka 1939 kikiwa shule ya ukulima. Ni nchi ya baridi, ya ngano, viazi na maziwa, na watu wake hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Siku ya kurudi Mombasa tulipakiwa gunia la viazi, mfuko wa unga wa ngano, lita 5 za maziwa ndani ya jerikeni, na paja la mbuzi aliyechinjwa alfajiri ile. Jirani mmoja naye akaniomba nimpelekee ndugu yake mfugaji chupa ya dawa ya kupe. Nikaisimamisha baina ya viazi na unga, nikafunga buti, nikasoma dua ya safari.

Tuliposhuka Mtito Andei kuswali, nilifungua buti nitoe mswala. Harufu ndiyo iliyotupokea. Kifuniko cha jerikeni kilikuwa kimelegea na maziwa yamenywewa na zulia. Mfuko wa nyama ulikuwa umechanika, na maji mekundu yamefika kwenye ncha ya mswala. Chupa ya dawa ilikuwa imelala ubavu, na chini ya mfuko wa unga palikuwa na doa bichi la rangi ya maziwa ambalo halikuwa maziwa. Ajali moja, vimiminika vitatu, na kila kimoja kina hukumu yake.

Maziwa ni tahiri. Aliyerukiwa na maziwa anaswali na nguo yake bila ya wasiwasi. Hata hivyo mafuta na protini zake hubaki ndani ya nyuzi za zulia, vijidudu vikazaliana kwa joto la pwani, na siku ya tatu hakuna anayetaka kupanda gari hilo. Damu iliyotiririka wakati wa kuchinja ni najisi, ingawa wekundu uliosalia ndani ya nyama yenyewe umesamehewa. Kwa kuwa sikujua maji yale yametoka wapi, nilichukua njia ya tahadhari, nikauweka mswala kando na kuswali juu ya kanga safi ya mke wangu.

Dawa ya kupe ndiyo iliyonikosesha. Tulipofika nyumbani nilisema, "Dawa hii asili yake si najisi. Tuukung'ute mfuko, tuondoe unga wa chini, wa juu tuutumie." Mke wangu aliuzuia mfuko mlangoni pa jiko. Akaniambia, "Maalim, umenipa hukumu ya swala. Mimi nauliza hukumu ya tumbo la mjukuu wako."

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nimefundisha mlango wa tahara, na siku ile nilipima kwa mizani moja kitu kinachotaka mizani mbili. Mizani ya kwanza huuliza: je, ni najisi? Ya pili huuliza: je, kinadhuru? Sheria yetu imezileta zote mbili, kwani kutodhuru nafsi wala mwenzio ni miongoni mwa kanuni zake kuu. Sumu inaweza kuwa tahiri, na bado ikaua.

Wala hili si jambo la kudhania. Mwaka 1967, katika miji ya Doha, Qatar, na Hofuf, Saudi Arabia, watu 874 walilazwa hospitali na 26 wakafariki baada ya kula mikate. Unga wake ulikuwa umesafirishwa melini katika ngama moja na dawa ya kuulia wadudu iitwayo endrin. Dawa ilipakiwa juu, unga chini, vyombo vikavuja. Waokaji hawakujua, na walaji hawakujua. Buti la gari ni ngama ndogo, na kosa ni lile lile. Unga ule wa Njoro na viazi vilivyoloa tulivifukia mbali na kisima, wala hatukuwapa mbuzi. Niliona uchungu wa zawadi ya binti yangu kwenda ardhini, lakini ningeona uchungu mkubwa zaidi kama ingekwenda kwingine.

Sasa tuje kwenye kusafisha. Asmaa binti Abubakar, Mungu amridhie, amepokea kuwa mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu nguo iliyoingia damu ya hedhi. Akaelekezwa aikwangue kwanza, kisha aisugue kwa maji, kisha aimwagie maji, halafu aswali nayo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazameni mpango wake: kitu chenyewe huondolewa kabla ya maji. Wengi wetu hugeuza mpango huo. Humwaga ndoo ya maji juu ya damu au maziwa, na uchafu uliokuwa pahala pamoja ukaenea buti zima.

Kwa hiyo, kikimwagika kitu, kikaushe kwanza kwa matambara makavu bila ya kusugua. Toa zulia la buti nje. Inua na ubao wa chini, kwani magari mengi yana shimo la tairi la akiba, na humo ndimo kimiminika hujificha kikachacha na kula bati. Kwa maziwa na damu anza na maji baridi, maana maji ya moto huzipika protini zikagandamana na nyuzi. Kisha sabuni, kisha maji safi. Harufu ya maziwa ikikaidi, nyunyiza soda ya kuokea, iache usiku kucha, uipanguse asubuhi. Anika zulia juani pande zote mbili, na buti liachwe wazi mpaka likauke kabisa.

Ikiwa ni najisi, maji yamiminwe juu ya pahala penyewe. Kitambaa kimoja kibichi kinachopitishwa huku na huku huisambaza tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, baada ya kujitahidi ikisalia rangi peke yake, au harufu peke yake, iliyo ngumu kuondoka, husamehewa. Zikisalia zote mbili pahala pamoja, kazi haijaisha.

Ikiwa ni dawa ya shamba au ya mifugo, watoto wawekwe mbali, milango ya gari ifunguliwe, na mikono ivikwe glavu. Mwagia mchanga mkavu au majivu yainywe, zoa, ndipo uoshe kwa sabuni na maji. Zulia lililolowa dawa ni bora kulitupa.

Kinga nayo haina gharama kubwa. Tandika turubai, na juu yake weka beseni pana la plastiki lenye kingo. Kila chenye majimaji kikae humo, kimesimama wima na kubanwa kisianguke. Nyama itiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mswala uwe na mfuko wake kwenye kiti, si butini. Wanaopanda kutoka pwani wakumbuke pia kwamba Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Chupa ya achari iliyofungwa Mombasa hufura njiani, kwa hiyo isijazwe hadi shingoni. Dawa za sumu na mafuta ya taa zisisafiri na chakula hata kwa kufungwa vipi. Mtu akikuomba umchukulie, na buti lina chakula, mwombe radhi. Udhuru wa heshima ni bora kuliko wema unaoacha sumu.

Mke wangu sasa ndiye mkaguzi wa buti letu kabla ya kila safari. Hulifungua, akainama, akanusa, kisha husema, "Bismillahi, twende." Nami husubiri idhini yake kama abiria mwingine yeyote.

Mwenyezi Mungu atutakasie nyoyo zetu, miili yetu na vyombo vyetu, na atukinge na madhara tunayoyaona na tusiyoyaona. Amin. Wallahu a'lam.