Seriamu ya Mrima: Kiini tulivu chenye jirani wa kuogopwa

Msafiri anayevuka kivuko cha Likoni akielekea Lunga Lunga hupita Shika Adabu, Ukunda na Msambweni kabla ya kukaribia kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale. Kilima hicho, ambacho pia ni msitu wa kaya wa Wadigo, kina niobi na madini adimu, yakiwemo seriamu.

Kila madini hayo yanapotajwa, wakazi huuliza: je, yana mnururisho unaodhuru? Jibu limo ndani ya kiini cha atomu.

Takriban asilimia 88 ya seriamu yote duniani ni isotopu ya seriamu-140. Kiini chake kina protoni 58 na nyutroni 82. Hiyo 82 si nambari ya kawaida. Nyutroni hujipanga kiinini kwa tabaka, na tabaka hujaa zikifika 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen, waliofafanua mpangilio huo, walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1963.

Kiini kilichojaza tabaka ni mfano wa matatu ambayo viti vyake vyote vimekaliwa: abiria mwingine hapati nafasi kwa urahisi. Ndiyo maana seriamu-140 hunasa nyutroni kwa nadra mno, wala haijapata kuonekana ikivunjika yenyewe. Haitoi mnururisho.

Mnururisho wa Mrima basi watoka wapi? Watoka kwa thoriamu, ambayo huandamana na madini adimu katika mawe yayo hayo. Nusu ya thoriamu-232 huhitaji takriban miaka bilioni 14 kuvunjika. Katika safari hiyo huzaa elementi nyingine zinazonururisha, ikiwemo gesi ya radoni, hadi kuishia kuwa risasi-208, yenye protoni 82 na nyutroni 126. Nambari zote mbili ni za tabaka zilizojaa, na hapo kiini hutulia.

Tofauti hii ina uzito. Seriamu, ambayo hutumiwa kung'arisha vioo na kusafisha moshi wa magari, haiwezi kuchimbwa Mrima bila kuigusa thoriamu. Vumbi likivutwa pumuni, au udongo ukijengewa nyumba, hatari humfuata mtu hadi chumbani. Baada ya seriamu kutolewa, mabaki yenye thoriamu husalia.

Mwaka wa 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec kuchimba kilimani humo, na mwaka wa 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likaitupa kesi ya kampuni hiyo.

Kwa hivyo, yeyote atakayekuja na ahadi za utajiri wa Mrima anastahili kuulizwa jambo moja kwanza: mabaki ya thoriamu yatahifadhiwa wapi, na kwa muda gani?