Samaki wa Ziwa Victoria: Tulinganishe Nchi kwa Kipimo Gani?

Mara nyingi huulizwa: kati ya nchi tatu za Ziwa Victoria, ni ipi inayofaidika zaidi na samaki? Swali hili linatuhusu Tarime na Serengeti. Tangu Rorya itengwe na Tarime mwaka 2007, mialo imebaki upande wa Rorya. Hata hivyo dagaa ni kitoweo cha nyumba nyingi hapa, na samaki huvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya.

Tanzania ina takriban nusu ya ziwa, Uganda inafuata, na Kenya ina asilimia 6 tu. Lakini ukubwa wa eneo si thamani, wala tani si thamani. Kabla ya kulinganisha, tuulize mambo matatu.

Kwanza, samaki alipimwa akiwa katika hali gani? Sangara mzima hutoa minofu chini ya nusu ya uzito wake. Kilo moja ya dagaa wakavu hutokana na kilo tatu au zaidi za wabichi. Nchi moja ikihesabu wabichi na nyingine wakavu, ulinganisho umeharibika.

Pili, bei ni ya wapi? Bei ya mwaloni ndiyo inayomfikia mvuvi. Bei ya kuuza nje imebeba pia gharama za barafu, kiwanda na usafiri. Mabondo ya sangara nayo huuzwa Asia kwa bei kubwa kuliko minofu.

Tatu, samaki alihesabiwa wapi? Aliyevuliwa Rorya akivushwa Sirari bila kuandikwa, thamani yake huonekana Kenya, wakati jasho lilitoka huku.

Tukumbuke pia mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Samaki walikuwa walewale, lakini soko lilipofungwa, thamani yao ilishuka.

Basi kamati inapoandaa andiko la mradi wa wavuvi au wauza dagaa, iandike bei ya mwaloni, mwezi, sarafu, na kama samaki ni mbichi au mkavu. Mfadhili naye asipime kipato cha familia kwa takwimu za mauzo ya nje. Takwimu hizo zaweza kupanda, huku mama anayekaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki kiwandani, hali yake ikiwa ileile.