Zamu ya Dawa Jimboni Tete

Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI humezwa maisha yote. Mgonjwa akiziacha, virusi huzaliana upya. Akizimeza kwa kurukaruka, virusi huweza kuwa sugu. Katika jimbo la Tete, nchini Msumbiji, umbali wa vituo vya afya, nauli na foleni ndefu viliwakatisha wengi tamaa. Mwaka 2008 ukaanzishwa utaratibu mpya: wagonjwa wasiozidi sita waliunda kikundi, na kila mwezi mmoja wao, kwa zamu, alikwenda kupimwa na kuwachukulia wenzake dawa. Kabla ya safari, vidonge vya kila mmoja vilihesabiwa. Askari wa lindo anaielewa maana yake: zamu huwapunguzia wengi mzigo, na asiyeonekana hutafutwa kabla hajapotea.