Kulinganisha na Kulinganua Makala ya Kushawishi

Mwanafunzi anayetakiwa kulinganisha makala mawili ya kushawishi aghalabu hufupisha la kwanza, akafupisha la pili, kisha akamalizia kwa kusema kwamba waandishi hawakubaliani. Huo si ulinganishi. Ni mihtasari miwili iliyopangwa jirani. Upungufu huo huanzia katika istilahi, na yafaa tuanzie hapo.

Kitenzi linganisha kimetokana na lingana: ni kuviweka vitu pamoja ili kuona vinapofanana. Linganua kina kiambishi -u- cha kutengua, kama zibua itokanavyo na ziba: ni kuonyesha vinapoachana. Uchambuzi kamili huhitaji matendo yote mawili.

Hapana budi pia kutenga istilahi nne. Dai ni lile ambalo mwandishi ataka likubaliwe. Ushahidi ni mambo ya kweli anayoyategemea. Hoja ni sababu inayouunganisha ushahidi na dai. Balagha ni ufundi wa lugha unaouvuta moyo wa msomaji, kama vile takriri na maswali yasiyongoja jibu.

Tuchukue mfano wa mjadala wa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika huko mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tuseme waandishi wawili wanautaja ukweli huo. Wa kwanza adai Kiswahili kitumike: kwake hiyo ni fursa iliyopotea, kwa kuwa mwanafunzi hufahamu upesi kwa lugha aijuayo. Wa pili adai Kiingereza kibaki: kwake hiyo ilikuwa busara, kwa kuwa lugha hiyo humfungulia mwanafunzi vitabu vingi vya elimu ya juu. Ushahidi ni mmoja, hoja ni mbili. Mihtasari miwili isingelidhihirisha jambo hilo.

Kwa hiyo mpangilio ufuate vigezo, usifuate makala. Utangulizi utaje makala yote mawili na suala linalobishaniwa. Aya ya kwanza ichambue madai ya waandishi wote wawili, ya pili ushahidi wao, ya tatu hoja, ya nne balagha. Katika kila aya mwanafunzi alinganishe kwanza, kisha alinganue. Hitimisho liamue ni dai lipi lililothibitishwa vyema zaidi, wala si lipi alilolipenda tangu awali.

Walimu nao waandike maswali yao kwa ukamilifu: "Linganisha na ulinganue," na wavitaje vigezo. Kijana asiyezoea kupima maneno ya watu wawili kwa mizani moja hushawishiwa na yule aliyesema mwisho. Na hatakutana na washawishi katika chumba cha mtihani tu.