Umeme Kusini mwa Maniema: Njia ya Mitandao Midogo (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1970, lilivyopewa mitambo ya Inga I (1972) na Inga II (1982), na jinsi waya za msongo mkubwa zilivyovutwa takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba, huku teritwari za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, zikibaki gizani. Sehemu hii inaeleza njia nyingine, ambayo imepata watetezi wake huko Goma.

Mkongomani Archip Lobo na Jonathan Shaw ni waasisi wa kampuni iliyoanza kwa jina la Kivu Green Energy na ambayo leo huitwa Nuru. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliwasha mtandao mdogo wa jua mjini Beni, na Februari 2020 ikazindua mwingine wa megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho, Goma. Mtandao mdogo ni mfumo unaozalisha umeme palepale unapotumika, kwa paneli za jua, betri za kuhifadhia na jenereta ya akiba, kisha kuusambaza kwa nguzo na waya mpaka majumbani, bila kuungana na gridi ya taifa.

Hoja inayoibeba kazi hiyo ni kwamba mwananchi wa mashariki si wa kungojea msaada, bali ni mteja ambaye tayari hutoa fedha nyingi kununua mafuta ya jenereta, mishumaa na betri za tochi. Julai 2023 wawekezaji, wakiwemo IFC ya Benki ya Dunia na Proparco ya Ufaransa, waliikubali hoja hiyo kwa mtaji wa dola milioni 40, uliokusudiwa kwa miji ya Goma, Bunia na Kindu, mji ulio makao makuu ya Maniema.

Hata hivyo, Kindu si Kasongo. Mtandao mdogo hudumu pale tu penye watumiaji wa mchana, kwa kuwa taa za usiku pekee hazilipi gharama ya betri. Kwa hiyo vinu vya kukoboa mpunga, ambao ni zao kuu la teritwari za Kasongo na Kabambare, pamoja na karakana za wachomeleaji na hospitali, ndivyo vitakavyoubeba. Kisheria pia njia iko wazi: sheria ya umeme ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kuyapa majimbo nafasi yao katika sekta hiyo, na ANSER, wakala wa umeme wa vijijini, iliundwa mwaka 2016.

Wajibu wa wakuu wa Maniema, basi, ni kuandaa takwimu za watumiaji wa Kasongo na Kabambare na kutenga viwanja mapema, kwani mwekezaji haendi mahali ambapo hakuna aliyemwandalia hesabu.

(Itaendelea)