Matembezi ya miguu katika mabonde ya Uluguru

Matembezi ya miguu katika mabonde ya Uluguru ni safari za saa chache hadi siku kadhaa zinazofanywa katika makorongo yenye misitu na mabonde ya vijito vya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, mashariki mwa Tanzania. Kwenye Mlima Kilimanjaro karibu kila mgeni hulenga kilele, lakini Uluguru mtembeaji huongozwa zaidi na maji: hupanda kando ya kijito, hukivuka, hupita mgongo wa mlima na kushukia bonde jingine. Njia hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia ambazo Waluguru hupitia kwenda shambani, shuleni na sokoni, na mgeni anayehema mlimani huku ameegemea fimbo yake atapishana na akina mama wanaoshuka kwa haraka wakiwa na mikungu ya ndizi kichwani.

Milima na mvua yake

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Mji wa Morogoro, ambao wenyeji huuita kwa utani "mji kasoro bahari", uko chini ya milima hiyo upande wa kaskazini, umbali wa kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na moja kwa moja juu yake husimama vilele vya Lupanga na Bondwa, ambavyo vyote vinapita mita 2,100. Kilele cha juu kabisa, Kimhandu, kiko kusini na kina mita 2,630 hivi. Sehemu ya kaskazini na ile ya kusini hutenganishwa na pengo la Bunduki, ambalo sehemu yake kubwa imelimwa.

Ili kuelewa makorongo haya ni lazima kwanza kuelewa mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Mwanafunzi aliyefundishwa mvua ya milimani kwa kuchorewa ubaoni anaweza kuiona hapa kwa macho yake. Upande wa mashariki, kama vile Kinole na Tegetero, hupata mvua nyingi sana, na katika baadhi ya maeneo hupita milimita 2,500 kwa mwaka. Mjini Morogoro mvua ni kama theluthi moja ya hiyo. Maji mengi yanayoshuka kwenye miteremko mikali kwa muda mrefu ndiyo yaliyochimba mabonde membamba yenye kingo zilizosimama.

Njia zinazotumika

Njia inayojulikana zaidi huanza mjini na kupanda hadi Morningside, nyumba iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Hutembewa kwa saa mbili au tatu kupitia mashamba na vijiji, huku sauti ya Mto Morogoro ikisikika bondeni. Kutoka hapo njia huingia msituni na kuendelea hadi Bondwa, penye minara ya mawasiliano. Wasiotaka kupanda sana huenda kijiji cha Choma na maporomoko yake ya maji. Lupanga ni ngumu zaidi ya zote hizi: njia ni ya mteremko mkali, mizizi huteleza, na inahitaji siku nzima hata kwa mtu mwenye miguu imara.

Upande wa magharibi, Mgeta na Nyandira ni nchi ya mboga na matunda ya baridi: kabichi, karoti, njegere, viazi, pichi. Watembeaji huenda huko kuona mashamba ya ngazi, Maporomoko ya Hululu karibu na Bunduki, na wenye nguvu hupanda hadi uwanda wa juu wa Lukwangule. Upande wa mashariki, wa ndizi, mananasi na viungo, hutembelewa na wachache zaidi, ingawa kwa maoni ya wengi waliopita pande zote mbili mabonde yake ndiyo mazuri kuliko yote. Kinole ni pia makao ya kichifu ya Kingalu, ambaye katika mapokeo ya Waluguru ana mamlaka juu ya mvua.

Viumbe wa bondeni

Ndani ya korongo hewa hubadilika ghafla. Jua hupungua, mawe hufunikwa na kuvu na kangaga, na kando ya maji huota migomba mwitu pamoja na makangaga makubwa yenye shina kama mti. Kwenye mawe yenye kivuli huota dugu wa mwitu wa ua la Saintpaulia, ambalo watu wa Ulaya na Marekani hulipanda kwenye vyungu madirishani bila kujua kwamba asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya.

Misitu hii imepata unyevu wa bahari kwa mamilioni ya miaka, hata katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu. Kwa hiyo viumbe wengi walibaki hapa peke yao. Ndege Malaconotus alius, mwenye kofia nyeusi na tumbo la njano, na chozi wa Loveridge hawapatikani kwingineko duniani. Wapo pia vyura wadogo wa jenasi Nectophrynoides ambao hawatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa na umbo la chura. Mtu akitembea kimya anaweza kuwaona mbega. Minde, paa adimu wa misitu ya milimani, huonekana kwa nadra sana.

Hatari ya maji

Hatari kubwa ya mabonde haya si mnyama, ni kijito chenyewe. Kwa kuwa miteremko ni mikali na mabonde ni mafupi, mvua ikinyesha juu maji hufika chini kwa muda mfupi. Jua linaweza kuwa linawaka Choma huku mvua kubwa ikinyesha Bondwa. Dalili ni hizi: maji yaliyokuwa maangavu hugeuka ya kahawia, majani na vijiti huanza kuelea kwa wingi, na mngurumo huongezeka. Anayeziona hapaswi kujaribu kuvuka. Apande kingo na kusubiri, hata kama ni saa kadhaa. Vilevile haifai kupiga hema kwenye mchanga wa kando ya kijito, ingawa ndipo mahali panapovutia zaidi. Mvua mara nyingi huja alasiri, kwa hiyo wenyeji huondoka alfajiri.

Udongo nao hushuka. Tarehe 23 Februari 1970 eneo la Mgeta lilipata zaidi ya milimita 100 za mvua kwa muda usiozidi saa tatu, na maporomoko ya udongo zaidi ya elfu moja yalitokea. Wataalamu walioyachunguza walikuta kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Yaliyoanzia penye miti yalikuwa machache mno. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejaribu kuzuia mmomonyoko katika miaka ya 1950 kwa kulazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, lakini kazi hiyo ya shuruti ilichukiwa na kuleta ghasia mwaka 1955.

Vijito hivi vinakokwenda

Mto Mgeta huanza magharibi, huzunguka milima kwa kusini na kuingia Ruvu. Mto Morogoro huingia Ngerengere, mto wenye Bwawa la Mindu linalotumiwa na mji, nao Ngerengere pia huishia Ruvu. Karibu kila kijito anachokivuka mtembeaji hufika katika mto huo mmoja, unaoipa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake kabla ya kumwagika baharini karibu na Bagamoyo. Mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, jiji liliingia katika mgawo wa maji. Ndiyo maana kuogea sabuni au kujisaidia kando ya kijito huku juu si jambo dogo: nyumba za kwanza zinazochota maji hayo huwa ziko mita mia chache tu chini.

Vibali na maandalizi

Misitu ya juu imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye takriban hekta 24,000, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuingia kunahitaji kibali na ada, vinavyoshughulikiwa mjini Morogoro, na ni vema kufuatana na kiongozi wa njia anayetoka vijiji vya huko. Kiongozi huyo hujua pia misitu midogo ya matambiko ya koo, ambamo mgeni haingii bila ruhusa ya wazee. Miezi inayofaa ni Juni hadi Septemba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia nyingi za makorongo hazipitiki kwa usalama. Viatu viwe vyenye meno, na sweta isiachwe nyumbani kwa sababu tu mjini kuna joto.