Mashine ya Vitumbua Ilipovuja

Siku tisa kabla ya Ramadhani, mashine ya kusagia ya jikoni kwetu ilianza kuvuja. Mchele uliolala majini usiku kucha ulikuwa ndani ya jagi pamoja na tui, na kila visu vilipozunguka, ule uji mweupe uliteremka chini ya jagi, ukaingia kwenye mota, ukachirizika mezani hadi sakafuni. Mke wangu alinyoosha mkono kuizima, umeme ukampiga. Haukumwangusha, alhamdulillahi. Lakini aliurudisha mkono kifuani akakaa kitako kimya, na mimi niliyekuwa sebuleni nikitafuta kina cha ubeti niliitupa kalamu.

Najua wasomaji wa Pwani wataniuliza, kinu kimekwenda wapi? Kinu kiko kwetu Mombasa. Hapa Nairobi tunakaa nyumba ya kupanga, orofa ya tatu, ukingoni mwa Kawangware, na atwangaye orofa ya tatu alfajiri atagombana na watu wa orofa ya pili. Tena mke wangu hapiki vitumbua vya kula sisi wawili. Kila Ramadhani hupokea maagizo kutoka Kawangware, Lavington, Kileleshwa hata Parklands, na pesa hizo ndizo zimaliziazo karo ya kitinda mimba wetu. Mashine ikilala, karo nayo imelala.

Nikaifunga kwenye kikapu, nikapanda matatu namba 46 hadi mjini. Katika duka nilikoinunua, kijana hakuigeuza hata kuitazama chini. "Mzee, hizi hazitengenezwi. Chukua mpya." Bei aliyoitaja ilinitosha kunifanya nitoke. Nikaenda kuswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, kikapu nimekiweka karibu na viatu, na tulipotoka mzee mmoja wa Kihindi akakichungulia akacheka. Mashine kama hii, akaniambia, ni ya kwao. Na kweli ni ya kwao: blenda za Wazungu zilibuniwa kwa vinywaji, ile ya Stephen Poplawski huko Marekani mwaka 1922 ikiwa ya maziwa na sharubati, wala hazikuweza dengu, manjano na nazi kavu. Katika miaka ya 1960 mhandisi Satya Prakash Mathur, ambaye mashine ya mkewe ya kutoka Ujerumani iliungua mota, aliunda kule India mashine yenye nguvu ya kusaga vikavu na vibichi, akaiita Sumeet. Basi jamaa wa mitindo hiyo wakaenea hadi kwetu. Yule mzee akanielekeza kwa fundi Barabara ya Luthuli.

Fundi mwenyewe alikuwa na meza isiyozidi mkeka wa kuswalia, chini ya ngazi. Hakutaka pesa ya kutazama. Alitenga jagi mbali na mota, akatia maji nusu, akaliweka juu ya gazeti kavu. "Ngoja, Mzee." Tukangoja. Gazeti hilo, kwa bahati, lilikuwa letu, na tone la kwanza likaangukia ukurasa huu huu. Likatua katikati, wala si pembeni. Maji yakitoka pembeni, alisema, ule mpira wa duara baina ya jagi na kitako ndio uliochakaa au haukukaa sawa. Yakitoka katikati, tatizo ni pale shafti ya visu inapopita kitakoni: mpira mdogo unaoikumbatia umekuwa mgumu kwa moto, pilipili na mafuta. Kisha akavishika visu kwa vidole viwili akavitikisa. Kama shafti inacheza, mpira mpya hautadumu, kwa kuwa bushi ya shaba ndiyo iliyolika. Yetu haikucheza. Akaniuzia mpira kwa bei isiyofika nauli yangu ya kwenda na kurudi.

Chuoni tulipoanza fikihi, mlango wa kwanza ulikuwa wa maji: yapi safi, yapi machafu, yanapita wapi na yanaharibu nini. Miaka arobaini na ushei baadaye nikaurudia mlango huo mezani jikoni, bisibisi na spana mkononi. Nilishikilia visu kwa kitambaa kinene, nikaifungua nati iliyo chini ya jagi kama ifunguliwavyo nati yoyote. Ikakataa. Nikazidisha nguvu, mke wangu akasema, "Bwana we, utaivunja." Kumbe nyingi za nati hizi hukazwa kinyume, ili mzunguko wa mota usizilegeze. Nikageuza upande wa pili, ikaja kwa ulaini kama ganda la ndizi. Nikausafisha utando wa wanga, nikaubandua mpira wa zamani, nao ulikatika mkononi kama kipande cha gome. Mpya niliutia kichwa chini, jagi likavuja zaidi ya kwanza. Nikaugeuza, mdomo wake ukielekea juu kwenye maji.

Lakini kazi kubwa haikuwa hiyo. Nilipoifungua plagi nikaona nilichokuwa nimekisahau. Mwaka juzi niliibadilisha mwenyewe, na ule waya wa kijani na manjano niliukata nikauacha unaning'inia, nikidhani hauna kazi kwa kuwa mashine ilizunguka bila huo. Waya huo ndio unaopeleka umeme uliopotea ardhini na kuikata fyuzi kabla ya mkono wa mtu kuwa njia. Kuvuja kulikuwa kwa mashine; ule mshtuko ulikuwa wangu. Nilimweleza mke wangu. Hakunijibu neno, alinishikia tochi nikafunga nyaya zote tatu.

Mota tuliiacha ikauke siku mbili kamili dirishani, na kabla ya kuirudisha kazini nilimwita fundi wa umeme wa mtaani aipime. Siku ya tatu tukatandaza gazeti, tukatia mchele na tui, safari hii chini ya theluthi mbili za jagi, tukaiwasha kwa vipindi vya dakika moja moja ikipumzika. Gazeti likabaki kavu.

Vitumbua vya Ramadhani vilitoka vyote. Mke wangu ameisamehe mashine, na mimi nadhani amenisamehe pia. Ila hadi leo, kabla ya kuiwasha, hujifuta mikono mara mbili na kuvaa kandambili.